Vifyonza Mwanga Vinavyorekebishika kwa Umeme

Kifyonza mwanga kinachorekebishika ni kifaa chembamba ambacho uwezo wake wa kumeza mwanga huongezwa au kupunguzwa kwa umeme, bila kubadili umbo wala malighafi yake. Vifaa vinavyolenga infraredi ya karibu, yaani mwanga usioonekana kwa macho unaoanzia urefu wa wimbi wa takriban nanomita 780, vina umuhimu wa pekee. Mikongo ya mawasiliano, ikiwemo ile ya baharini inayofika Dar es Salaam na Mombasa, husafirisha taarifa kwa mwanga wa takriban nanomita 1,550.

Malighafi inayochunguzwa zaidi ni grafini, tabaka moja la atomu za kaboni linaloweza kubanduliwa kutoka madini ya kinywe. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walilitenga mwaka 2004 kwa kutumia utepe wa gundi, na mwaka 2010 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Tanzania ina kinywe katika maeneo kama Mahenge na Ruangwa, ingawa kati ya mwamba wa mgodini na grafini safi ya maabara kuna safari ndefu.

Tabaka hilo humeza takriban asilimia 2.3 tu ya mwanga. Kwa kitu chenye unene wa atomu moja, kiwango hicho ni kikubwa mno. Kwa matumizi ya kihandisi, hakitoshi. Hivyo huwekwa kioo cha dhahabu nyuma yake, na katikati utando usiopitisha umeme wenye unene wa robo ya wimbi, ili mwanga unaorudi uimarishane na unaoingia pale penye grafini.

Urekebishaji hutegemea elektroni. Elektroni humeza mwanga ikiwa juu yake ipo nafasi tupu ya kurukia. Volti ikijaza nafasi hizo, mwanga hupita bila kumezwa. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitumia kanuni hiyo kudhibiti mwanga kwenye chipu ya silikoni.

Fosforasi nyeusi nayo ina mvuto wake: idadi ya tabaka huamua wimbi linalomezwa. Hata hivyo, oksijeni na unyevunyevu wa hewa huiharibu upesi, hivyo hulazimu kufunikwa kwa utando mwingine, mathalani wa boroni naitraidi.