Roboti Hufundishwa na Nani? Historia Fupi ya Kuuamrisha Mkono wa Chuma

Kazi za wateja zilinibana, lakini leo nimepata nafasi. Nataka tuzungumzie swali ambalo vijana wa hapa Gatongora huniuliza wakisikia kwamba kazi yangu ni kuandika programu: je, roboti za viwandani huandikiwa programu kwa lugha gani? Wengi hutarajia nitaje Java au C++. Jibu la kweli ni kwamba roboti ya kwanza ya kiwandani haikuandikiwa neno hata moja. Ilipelekwa hatua kwa hatua, ikaonyeshwa kazi, ikakumbuka.

Turudi nyuma kidogo, maana historia hii ina somo kwetu tunaoishi kati ya Ruiru na Thika, mahali penye viwanda vingi na mafundi wengi zaidi.

Nukta kwa nukta

Mwaka 1954 Mmarekani George Devol aliomba hataza ya mashine ya kuhamisha vitu kwa kufuata programu iliyohifadhiwa. Hataza ilitolewa mwaka 1961, na mwaka huohuo mashine yenyewe, Unimate, ikaanza kazi katika kiwanda cha General Motors kule New Jersey. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya metali vikiwa bado moto kutoka kwenye mashine ya kusubu, kazi iliyowachoma na kuwaumiza watu.

Mtu aliupeleka mkono wa Unimate mpaka mahali fulani, kisha akahifadhi vipimo vya kila kiungo kwenye silinda ya sumaku. Akaupeleka mahali pa pili, akahifadhi tena. Kazi ikianza, mashine ilirudia nukta hizo kwa mpangilio, mchana na usiku, bila kujua kama kitu ilichotumwa kukichukua kipo au hakipo.

Kwa kuhamisha vitu, nukta zinatosha. Kwa rangi hazitoshi. Ukisimama kando ya fundi anayepulizia rangi bodi ya matatu, utaona kwamba ufundi wenyewe uko katika mwendo: kasi ya mkono, umbali kutoka kwenye bati, namna kifundo kinavyogeuka pembeni ili rangi isirundikane. Kampuni ya Trallfa ya mji wa Bryne, Norway, ilitengeneza wilibaro, na miaka ya 1960 ilikosa watu wa kuzipaka rangi. Mwaka 1967 ikajitengenezea roboti ya kazi hiyo, na mwaka 1969 ikaanza kuiuza kwa wengine. Mpaka rangi mwenyewe aliushika mkono wa roboti, akapuliza kama kawaida yake, na mwendo mzima ukarekodiwa. Hakuhitaji hesabu wala kibodi. Kwa maneno mengine, mwandishi wa programu alikuwa mpaka rangi.

Njia panda

Mashine za kukata chuma zilikuwa zimeshafika kwenye njia panda hii kabla ya roboti. Mnamo 1946 na 1947 kampuni ya General Electric ilitengeneza mfumo ambao fundi alikata kipande cha kwanza kwa mikono yake, mwendo ukarekodiwa kwenye utepe wa sumaku, kisha mashine ikaurudia. Njia ya pili ilikuwa ya namba. John Parsons aliianzisha, na mwaka 1952 chuo cha MIT, kwa fedha za jeshi la anga la Marekani, kikaonyesha mashine inayosoma utepe uliotobolewa. Hapo fundi hakufundisha kitu. Mtu wa ofisini alipiga hesabu ya njia ya kisu, fundi akabaki kuweka utepe na kubonyeza kitufe.

Njia ya namba ilishinda. Ilikuwa na ubora wake, kwa sababu bawa la ndege lina mikunjo ambayo mkono hauwezi kuikata sawasawa. Lakini mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kiitwacho Forces of Production, alidai kwamba ubora haukuwa sababu pekee: wakubwa wa viwanda walipenda namba kwa kuwa ziliondoa maarifa mikononi mwa fundi na kuyaweka ofisini. Unaweza kumbishia, ila swali lake bado liko mezani.

Hapa Kenya njia ya namba ina historia yake. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari matano ya majaribio ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, lakini shirika lililoanzishwa kwa kazi hiyo likageuka kuwa Numerical Machining Complex ya Nairobi, na jina lake linasema lenyewe: ukataji wa vyuma kwa namba. Mashine za aina hiyo huamrishwa kwa mistari kama G01 X50 Y20, yaani nenda moja kwa moja mpaka nukta hiyo.

Lugha zaja

Miaka ya 1970 watu wa tarakilishi kama mimi wakaingia. Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa lugha ya WAVE mwaka 1973. Kampuni ya Unimation ikafuata na VAL, iliyotumika kwenye roboti ya PUMA ya mwaka 1978. Nikiitafsiri programu ndogo ya mtindo wa VAL, inakuwa hivi:

KARIBIA kipande, 50
NENDA kipande
FUNGA kiganja
ONDOKA 150

Namba ni milimita. Sasa tazama neno "kipande". Programu haisemi kipande kiko wapi. Mara nyingi mahali hapo palikuwa pamefundishwa kwa kuupeleka mkono pale, kama enzi za Unimate. Lugha ilichukua mpangilio wa kazi, mahali pakabaki kwa mtu aliyesimama kiwandani akiwa na kisanduku cha vitufe mkononi. Lugha za leo, kama RAPID ya ABB na KRL ya KUKA, bado zina mgawanyo huohuo.

Kwa nini tusichore kiwanda kizima ndani ya tarakilishi na kumaliza kila kitu ofisini? Hufanywa, lakini kuna kikwazo. Roboti nzuri hurudi mahali ilipofundishwa kwa kosa dogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita. Ukiituma kwa namba tupu mahali ambapo haijawahi kufika, inaweza kukosea kwa milimita nzima au zaidi, maana urefu wa mikono yake na msimamo wake sakafuni haulingani kabisa na mchoro. Kukumbuka ni rahisi kwake kuliko kukokotoa. Ndiyo maana kisanduku cha vitufe hakijafa.

Mwaka 2008 kampuni ya Universal Robots ya Odense, Denmark, ikauza UR5, roboti nyepesi ya kubeba kilo 5, ambayo mtu huishika na kuiongoza kwa mkono. Watu waliisifu kama jambo jipya. Mpaka rangi wa Bryne angecheka.

Na sisi je?

Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers cha Thika kilianza mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na Desemba 2016 kikaanza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Kazi ya kuunganisha magari nchini bado hutegemea sana mikono ya watu. Jirani, pale Juja, JKUAT inafundisha uhandisi wa mekatroniki. Roboti zikizidi kuja, wa kuziandikia hawatakosekana.

Wasiwasi wangu ni kwa wa kuzifundisha. Nikiandika programu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu kuwa kazi ya uandishi. Fundi wa Thika akiushika mkono wa roboti na kumwaga humo ujuzi wa miaka 20, nani atamwita mwandishi? Siku hizi mikono ya watu hurekodiwa kwa kamera na glavu ili kufundisha roboti kwa akili bandia. Tumeshaonja jambo la namna hii: Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya waliochambua maandishi machafu ili kuisafisha ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Zamani mwanagenzi alikaa na fundi wake, akajifunza, naye fundi akabaki na heshima yake na malipo ya kufundisha. Roboti nayo ni mwanagenzi, tena asiyesahau na anayeweza kunakiliwa mara elfu moja. Kwa hiyo kijana ukiniuliza ujifunze lugha gani, nitakutajia Python na RAPID. Lakini wewe fundi, siku watakapokuomba uushike mkono wa chuma uuonyeshe kazi, jua kwamba unaandika programu. Ulizia bei kabla hujaanza.