Notisi Kabla ya Nyundo ya Dalali

 Makambako, mkoani Njombe, ni njia panda: barabara ya Songea inaachana hapo na barabara kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA inapita papo hapo. Mji wa namna hii huvuta biashara, biashara huvuta benki. Mfanyabiashara wa mbao au viazi anayetafuta mtaji mara nyingi ana dhamana moja ya maana, nyumba yake. Akishaiweka rehani na marejesho yakamshinda, kinachomtenga na dalali ni karatasi tu.

Karatasi hizo zimebadilika sura kwa kila utawala. Mwaka 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani iliifanya ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola. Kwa mkulima asiye na hati, kuthibitisha umiliki ukawa mtihani. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya 1923, wakaiweka ardhi mikononi mwa Gavana. Katika miaka hiyo ya 1920 walitunga pia sheria ya kubana mikopo kwa Waafrika, iliyodai idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali. Waliiita ulinzi. Mimi naiona kama kufuli.

Baada ya Uhuru, serikali ikataifisha mabenki mwaka 1967, na Benki ya Nyumba ikaja na kufa. Sheria ya 1991 ikafungulia benki binafsi mlango, na hapo rehani ikawa na meno.

Ndipo ikaja Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Humo rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila ridhaa ya mwenzi. Mdaiwa lazima apewe notisi, na benki inapouza inawajibika kutafuta bei nzuri: nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhania kwamba wajibu huo umevunjwa. Mabenki yakalalamika kwamba mdaiwa amedekezwa. Marekebisho ya 2004, kisha sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, yakampa mkopeshaji nafasi zaidi. Leo, siku 60 baada ya kupokea notisi, deni zima laweza kudaiwa na nyumba ikauzwa.

Sheria ya madalali, iliyotungwa enzi za Waingereza, inataka mnada wa ardhi utangazwe kwa siku 14 angalau, kwa Kiswahili na Kiingereza, tena kwa njia anayoielewa asiyejua kusoma. Mwingereza, ajabu, aliliona hilo mapema kuliko wanasheria wetu wengi.

Wala tatizo la karatasi zisizosomwa si letu peke yetu. Mwaka 2010 Marekani iligundua kwamba wafanyakazi wa mabenki walikuwa wakisaini maelfu ya hati za kuuza nyumba bila kuzisoma. Mwaka 2012 mabenki matano yakakubali suluhu ya dola bilioni 25.

Kwetu pengo liko kwingine. Mnunuzi wa mnadani aliyenunua kwa nia njema analindwa, na aliyeonewa mara nyingi huambulia fidia, nyumba ikiwa imeshakwenda. Kwa hiyo kinga itangulie mnada: Bunge, ambalo mwaka 2021 lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, liongeze sharti moja: kabla ya mnada, benki imkabidhi mdaiwa na mwenzi wake hesabu ya deni, tathmini ya nyumba na notisi, vyote kwa Kiswahili. Nawe uliyeweka nyumba rehani, ukipokea notisi usiiweke kabatini. Andika tarehe uliyoipokea, na kama una pingamizi, lipeleke mbele ya sheria kabla ya siku ya mnada.