Jinja na Mbale: Lebo ya chakula inamlinda nani?

Katika masoko makuu ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, mnunuzi wa unga wa mahindi huchota kidogo kwa vidole, huutazama weupe wake, huunusa, kisha huuliza bei. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya duka, mnunuzi huyohuyo huigeuza pakiti ya biskuti na kutafuta tarehe iliyochapishwa.

Namna hizo mbili za kujihakikishia usalama wa chakula zinaeleza hali ya walaji katika miji hii miwili, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 1, 2020. Si kweli kwamba walaji hawajali. Tatizo ni kwamba ulinzi walioandikiwa na sheria umo katika pakiti, ilhali sehemu kubwa ya mlo wao wa kila siku hutoka katika gunia.

Lebo inapaswa kusema nini?

Uganda hufuata viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uwekaji wa lebo kwenye vyakula vilivyofungashwa. Viwango hivyo vimejengwa juu ya miongozo ya Codex Alimentarius, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula iliyoanzishwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO.

Pakiti inatakiwa kutaja jina la chakula, viambato vyake, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe na maelekezo ya hifadhi. Viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Kwa hiyo, kinywaji cha matunda ambacho orodha yake inaanza kwa maji na sukari, kisha tunda, kina sukari nyingi kuliko tunda, hata kama picha ya nje inaonyesha maembe matupu.

Msimamizi wa viwango hivi nchini ni Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lililoanza kazi mwaka 1989 na ambalo lina ofisi ya kanda ya mashariki mjini Mbale. Bidhaa iliyopimwa na kukidhi kiwango hupewa alama ya Q. Ipo pia nembo yenye herufi F, inayoonyesha chakula kilichoongezewa virutubisho. Kanuni za mwaka 2011 zinawalazimu watengenezaji wa mafuta ya kula na unga wa ngano kuongeza vitamini na madini. Jinja inahusika moja kwa moja, kwa kuwa ni mji wenye kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta ya kula.

Unga wa mahindi nao umo katika kanuni hizo, lakini kwa viwanda vyenye uwezo wa kusaga zaidi ya tani 20 kwa siku. Mashine ndogo za mitaani, ambako familia nyingi hupata unga wa posho, haziguswi na sharti hilo.

Tarehe husomwa, virutubisho huachwa

Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali za Afrika zimeonyesha mara kwa mara kwamba tarehe ya mwisho wa matumizi ndiyo sehemu ya lebo inayotazamwa zaidi. Jedwali la virutubisho husomwa na wachache. Sababu hazihitaji kutafutwa mbali: maandishi ni madogo, lugha ni ya kitaalamu, na mtu mwenye fedha za mlo mmoja hulinganisha bei kabla ya kulinganisha protini.

Hata tarehe yenyewe ina maana mbili. Maneno yanayomaanisha "tumia kabla ya" huhusu usalama, na chakula hakifai kuliwa baada ya siku hiyo. Maneno yanayomaanisha "bora kabla ya" huhusu ladha na ubora, na chakula kilichohifadhiwa vizuri hakigeuki kuwa sumu usiku huo.

Jedwali la virutubisho nalo lina manufaa yake. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati, yaani takriban gramu 50 kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000. Soda ya nusu lita yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100 inamaliza kiasi hicho chote. Pale lebo inapotaja sodiamu badala ya chumvi, msomaji azidishe mara mbili na nusu: miligramu 800 za sodiamu ni sawa na gramu 2 za chumvi.

Kwa walaji Waislamu wa Jinja na Mbale, nembo ya halali mara nyingi ndiyo ya kwanza kutafutwa. Nembo hiyo inahusu uhalali wa chakula kidini. Haichukui nafasi ya tarehe, ya alama ya Q, wala ya jedwali la virutubisho.

Imani katika jicho na pua

Pale ambapo hakuna lebo, mlaji hutegemea hisia zake na uso anaoufahamu. Hununua karanga kwa mama yuleyule kila wiki, na nyama kwa mchinjaji anayemjua kwa jina. Imani hiyo ina thamani, kwa sababu muuzaji anayetaka mteja arudi kesho ana sababu ya kutomdhuru leo.

Lakini hisia nazo hupotosha. Mwaka 2018, maafisa wa Kampala walipowasaka wauza nyama waliotuhumiwa kutumia formalini, kemikali ya kuhifadhia maiti, kulizuka mazungumzo kwamba nyama isiyotuliwa na nzi ndiyo ya kutiliwa shaka. Nzi akageuka mkaguzi. Ukweli ni kwamba nzi hubeba vijidudu vya kuhara kutoka chooni na jalalani, na kuwapo kwake si cheti cha usalama.

Sumu isiyoonekana

Hatari kubwa zaidi katika gunia haina harufu wala rangi inayotambulika kwa urahisi. Ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizokaushwa vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu. Karanga ni uti wa mapishi ya mashariki mwa Uganda. Huko Bugisu, chini ya Mlima Elgon, mchuzi wake ndio unaopikiwa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa.

Kupika kwa kawaida hakuiondoi sumukuvu. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ikiliwa kwa wingi huua haraka. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kati ya 317 waliougua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha ikalegeza zuio siku chache baadaye kwa sharti la cheti cha upimaji. Mfanyabiashara wa mpakani, Busia au Malaba, alilazimika kuthibitisha kwa karatasi kwamba mahindi yake ni salama. Mama anayenunua kilo mbili sokoni Mbale hana wa kumwonyesha karatasi kama hiyo.

Lebo si kinga kamili

Pakiti nayo imewahi kuumiza. Machi 2019 huko Karamoja, kaskazini mwa Mbale, watu 5 walifariki na zaidi ya 300 walilazwa hospitalini baada ya kula uji ulioongezewa virutubisho uliotolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Uchunguzi uligundua sumu ya asili ya mimea, inayopatikana katika mbegu za magugu ya datura, iliyokuwa imeingia katika chakula hicho.

Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha faida ya lebo isiyotajwa sana. Chakula kilichofungashwa kina jina la mtengenezaji na namba ya toleo, kwa hiyo kinaweza kufuatiliwa hadi kilikotoka, na ugawaji wake ukasimamishwa. Unga uliochanganywa kutoka magunia kumi ya wakulima kumi hauna njia hiyo ya kurudi nyuma.

Lugha ya pakiti

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukieneza, ikiwemo kufundishwa shuleni. Bado, lebo nyingi zinazochapwa nchini ni za Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili mjini Jinja anaweza kuielewa vyema zaidi pakiti iliyotoka Tanzania kuliko ile iliyotengenezwa jirani na nyumba yake.

Mlaji afanye nini?

Kwa chakula cha pakiti: tazama tarehe, alama ya Q na viambato vitatu vya mwanzo, kwa mafuta na unga wa ngano, tafuta nembo ya F, usinunue kopo lililovimba wala pakiti iliyofunguka. Hifadhi pakiti hadi chakula kiishe, kwani namba ya toleo ndiyo ushahidi iwapo mtu ataugua.

Kwa chakula cha gunia: muulize muuzaji mahindi yalikaushwa wapi, juu ya turubai au juu ya udongo, chambua na kutupa punje na karanga zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye kuvu, usimlishe kuku wala ng'ombe mabaki hayo, kwa sababu sumu hurejea kwa mlaji kupitia maziwa na mayai. Tahadhari hizi hupunguza hatari, haziimalizi.

WHO ilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama huua watu 137,000 barani Afrika kila mwaka. Kuwafundisha walaji kusoma lebo kutawalinda katika kile wanachonunua dukani. Kuwalinda katika posho na mchuzi wa karanga kunahitaji upimaji uwafikie mkulima, ghala na mashine ya kusaga, kabla gunia halijafunguliwa sokoni.