Uchachushaji: kutoka pipa la bia hadi kiwanda cha chai

Mgahawa unaopika bia yake wenyewe humketisha mteja karibu na mitambo. Brew Bistro ya Barabara ya Ngong, Nairobi, ni miongoni mwa migahawa iliyowazoesha Wakenya mandhari hayo: nyama mezani, glasi mkononi, na jirani yake mapipa ya chuma cha pua ambamo bia inaendelea kujitengeneza. Kazi inayofanyika ndani ya mapipa hayo huitwa uchachushaji. Msafiri akishika njia ya magharibi hadi Kericho, atalikuta neno hilo likimsubiri mahali pasipo na bia hata tone. Viwanda vya chai hutumia istilahi ileile ya Kiingereza wanayotumia wapika bia, "fermentation", na anayeifasiri kwa Kiswahili huandika, bila kusita, uchachushaji. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Shina la neno ni chacha. Uji uliolala huchacha, na maziwa yaliyosahaulika huchacha. Vita vikipamba moto husemwa vimechacha, na kijana aliyeishiwa pesa husema amechacha. Kutokana na shina hilo tunapata chachu, kile kinachotia ukali na kuumua unga, kisha kitenzi chachusha, kisha uchachushaji. Ni istilahi iliyojengwa vizuri, kwa sababu imembeba mtendaji ndani yake: penye uchachushaji pana chachu, au kiumbe hai mwingine anayefanya kazi kama yake.

Wakipsigis wa Kericho na Bomet waliijua kazi hiyo kabla mche wa chai haujafika kwao. Mursik hutengenezwa kwa maziwa yanayotiwa kwenye kibuyu kilichopakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet. Kibuyu hufungwa, na baada ya siku kadhaa bakteria wamekwisha kugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Kwa upande wa pombe kulikuwa na maiyek ya wimbi, iliyonywewa kwa mirija mirefu na wazee walioketi kuzunguka chungu kimoja. Busaa nayo ina hatua zake: unga wa mahindi hukandwa na kuachwa siku mbili tatu, hukaangwa juu ya bati hadi uwe kahawia, kisha hurudishwa majini pamoja na kimea cha wimbi. Kimea ndicho kinachovunja wanga kuwa sukari, na hamira za asili huila sukari hiyo. Mpishi wa bia katika mgahawa wa kisasa hufuata mantiki hiyohiyo, ila kimea chake kwa kawaida ni cha shayiri, huongeza hopsi kwa ajili ya uchungu, na huichagua hamira yake kwa makini.

Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeipa kazi hii maelezo ya kisayansi. Mwaka 1857 alichapisha utafiti wake kuhusu maziwa yanayochacha, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima kuhusu bia. Alionyesha kwamba viumbe wadogo walio hai ndio wanaochachusha, na kwamba wanaweza kufanya hivyo pasipo hewa. Katika pipa la bia, hamira hula sukari na kutoa alkoholi na kaboni dioksidi. Ndiyo maana mpishi, kazi ikishaanza, hulifunga pipa na kuacha njia ya gesi kutoka tu. Bia ya aina ya eli huchukua wiki moja au mbili hivi katika joto la nyuzi 18 hadi 22. Laga huhitaji baridi zaidi na muda mrefu zaidi.

Sasa tuingie kiwandani. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa katikati ya miaka ya 1920 na kampuni za Brooke Bond na James Finlay. Leo viwanda vya wakulima wadogo vimeenea eneo lote, Litein na Kapkatet upande wa Kericho, Mogogosiek na Kapkoros upande wa Bomet. Majani mawili na chipukizi yakishapimwa, hunyaushwa kwa saa nyingi hadi yalegee. Kisha hupitishwa kwenye mashine za CTC, ambazo huponda, huchana na huviringisha. Zilibuniwa Assam, India, mwaka 1930. Jani likishapasuka, vimeng'enya vilivyokuwa ndani ya seli zake hukutana na kemikali za jani ziitwazo polifenoli, na oksijeni. Rangi ya kijani hugeuka shaba, harufu ya nyasi hutoweka, na ule ukali unaotekenya ulimi huanza kujengeka. Haya yote huchukua saa moja au moja na nusu hivi. Hapo jani huingizwa kwenye kikaushio, na joto huvizima vimeng'enya.

Hakuna hamira hapa, wala alkoholi. Tofauti kubwa zaidi ni hewa. Mpishi wa bia huifungia hewa nje. Fundi wa chai huipuliza kwa feni, ikiwa na unyevu, ipenye katikati ya majani yaliyotandazwa. Mwanagenzi aliyefundishwa kwamba chai inachachushwa, naye akakumbuka kibuyu cha mursik nyumbani kwao, ana kila sababu ya kufikiri kwamba jani linapaswa kufunikwa. Akilifunika, ataliharibu.

Mtu anaweza kuleta hoja ya Eduard Buchner, Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba hata maji yaliyokamuliwa kutoka kwa hamira, bila seli hai, huchachusha sukari. Ikiwa kimeng'enya kinatosha, kwa nini chai inyimwe jina? Jibu liko katika kinachotendeka. Kimeng'enya cha hamira huvunja sukari pasipo oksijeni. Kimeng'enya cha jani la chai huunganisha oksijeni na polifenoli. Kiazi cha Bomet kilichomenywa hugeuka kahawia kwa njia hiyohiyo, na ndiyo maana mpishi hukitumbukiza majini, oksijeni isikifikie kwa urahisi. Hakuna anayesema kiazi hicho kimechacha.

Kwa hiyo istilahi inayoifaa chai ni uoksidishaji. Ni ndefu, na mwanzoni italemea ulimi, lakini inamtaja mtendaji wake, oksijeni, kama uchachushaji unavyoitaja chachu. Mwongozo wa kiwanda ukiandika "chumba cha uoksidishaji", mfanyakazi mgeni ataelewa kutokana na neno lenyewe kwa nini feni hazizimwi.

Uchachushaji wa chai kwa maana halisi upo, ila ni mahali pengine. Pu-erh ya Yunnan, China, hukomazwa na vijidudu kwa miezi au miaka. Kombucha, inayouzwa sasa katika migahawa mingi ya mijini, ni chai yenye sukari iliyoachiwa hamira na bakteria kwa siku kadhaa, na hubaki na alkoholi kidogo, jambo ambalo asiyekunywa pombe ana haki ya kulijua. Kombucha ikitengenezwa kwa chai nyeusi ya Kericho, lebo yake ya Kiswahili itahitaji maneno yote mawili, kila moja mahali pake: majani yaliyooksidishwa kiwandani, kinywaji kilichochachushwa chupani.