Bonde la Tryweryn: Sheria Ilipita, Ridhaa Haikuwapo

Katika mihadhara yangu kuhusu dola na ardhi, huwapa wanafunzi mfano mmoja kutoka Ulaya, kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kuhamishwa kwa watu kwa jina la maendeleo ni mkasa wa mataifa yaliyotawaliwa ng'ambo ya bahari. Mfano huo ni wa bonde dogo lililoko kaskazini mwa Wales, karibu na mji wa Bala, ambako mto Tryweryn huteremka kutoka milimani na kuungana na mto Dee.

Nchi ile ni ya baridi na mvua nyingi. Juu ya bonde umesimama mlima Arenig Fawr wenye kimo cha mita 854, na miteremko yake ni malisho ya kondoo. Wafugaji wa zamani walikuwa na makazi mawili: nyumba ya bondeni kwa majira ya baridi, iitwayo hendre, na banda la mlimani kwa majira ya joto, liitwalo hafod. Ndiyo maana hata leo ramani za Wales zimejaa majina yenye maneno hayo. Shamba moja la bonde hilo liliitwa Hafod Fadog, na hapo Wakweka wa karne ya 17 walikutana kusali wakati madhehebu yao yalipoandamwa na serikali. Baadhi ya Wakweka wa eneo la Bala walivuka bahari wakaenda kuishi Pennsylvania.

Kijiji cha bonde hilo kiliitwa Capel Celyn. Kilikuwa na kanisa dogo, shule, ofisi ya posta, makaburi na mashamba kadhaa. Lugha ya nyumbani, ya shuleni na ya ibada ilikuwa Kiwelisi. Kwa hesabu ya mji mkubwa, hapakuwa na kitu pale.

Mji mkubwa wenyewe ulikuwa Liverpool, ng'ambo ya mpaka, nchini Uingereza. Haukuwa mgeni katika mabonde ya Wales. Katika miaka ya 1880 ulikwisha kukizamisha kijiji cha Llanwddyn ili kupata ziwa Vyrnwy. Birmingham nao, kwa sheria ya mwaka 1892, ulitwaa bonde la Elan, ukajenga mabwawa na mfereji wa takriban kilomita 118 wa kupeleka maji nyumbani kwao. Wenye ardhi walilipwa, ilhali wapangaji walioishi juu ya ardhi hiyo waliondoka bila fidia. Kwa hiyo, mwishoni mwa mwaka 1955, watu wa Capel Celyn waliposoma magazetini kwamba bonde lao limechaguliwa, walijua vema kinachokuja.

Ni muhimu msomaji azingatie njia iliyotumika. Halmashauri ya Liverpool haikuomba kibali kwa mamlaka za mitaa za Wales. Ilipeleka muswada wake moja kwa moja katika Bunge la London, na sheria ikishapitishwa huko, kibali cha wenyeji hakikuhitajika tena. Novemba 1956, karibu kijiji kizima, watoto wakiwamo, kiliandamana katika mitaa ya Liverpool. Wales ilikuwa na wabunge 36. Karibu wote waliupinga muswada huo au walikaa kando bila kuupigia kura. Haikusaidia kitu, kwa kuwa wabunge wa Uingereza walikuwa wengi mno. Mwaka 1957 muswada ukawa sheria.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Hakuna utaratibu uliovunjwa. Muswada ulisomwa, ukajadiliwa, ukapigiwa kura, ukatiwa saini. Mwanasheria angeukagua kutoka mwanzo hadi mwisho asione kasoro. Lakini watu waliohusika hawakuwa na chombo chochote ambamo kukataa kwao kungeweza kuzuia lolote. Uhalali wa kisheria ulikuwapo, ridhaa haikuwapo.

Watetezi wa mradi walikuwa na hoja nzito, na si haki kuidharau. Liverpool ulikuwa na mamia ya maelfu ya wakazi, viwanda, na nyumba duni za kubomolewa na kujengwa upya. Bondeni, watu waliopoteza makazi walikuwa 48. Ukiweka takwimu hizo katika mizani, jibu linaonekana kujileta lenyewe. Hata hivyo, mizani hiyo hupima vichwa tu. Haipimi kwamba wale 48 walikuwa sehemu ya jamii ambayo lugha yake ilikuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, wala kwamba kijiji kinachozungumza lugha hiyo asubuhi hadi usiku hakinunuliki kwa fidia. Nyumba hujengwa kwingine. Ujirani uliolea lugha haujengwi kwa saruji.

Bonde lilijazwa maji mwaka 1965. Baadhi ya maiti walifukuliwa na kuzikwa kwingine, na makaburi yaliyobaki yakafunikwa kwa zege. Sherehe ya ufunguzi, mwezi Oktoba, ilivurugwa na waandamanaji, ikamalizika baada ya dakika chache. Kabla ya hapo, vijana wachache walikwisha kulipua mitambo ya ujenzi na kufungwa jela.

Maji yaliyokizamisha kijiji yaliinua jambo jingine. Mwaka 1964 iliundwa nafasi ya Waziri wa Wales katika baraza la mawaziri. Mwaka 1966 Gwynfor Evans, aliyekuwa mstari wa mbele kuupinga mradi huo, akawa mbunge wa kwanza wa chama cha Plaid Cymru. Mwaka 1967 ikaja sheria ya lugha ya Kiwelisi, na mwaka 1999 Wales ikapata bunge lake. Siwezi kusema kwamba yote hayo yalizaliwa na bwawa moja. Nasema tu kwamba Tryweryn liliwapa watu mfano usiohitaji kufafanuliwa. Kwenye ukuta wa nyumba gofu karibu na Llanrhystud paliandikwa kwa rangi maneno mawili, Cofiwch Dryweryn, yaani Kumbukeni Tryweryn. Ukuta huo ulipoharibiwa mwaka 2019, maneno hayo yakaandikwa upya kwenye kuta nyingi kote Wales.

Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi rasmi mwaka 2005, miaka 40 baada ya bonde kufurika. Radhi ni jambo la heshima, ila haikurudisha shule wala posta.

Nawaandikia hasa ninyi mnaoandaa nyaraka za miradi. Mtakapofika kwenye ukurasa unaotaja idadi ya kaya zitakazohamishwa, msitosheke kuuliza kama sheria inaruhusu na kama fidia imetengwa. Ulizeni swali la tatu: je, watu hawa wangekataa, kukataa kwao kungesikilizwa wapi? Kama mahali hapo hapapo, basi mashauriano yaliyotajwa katika waraka ni taarifa tu, na waraka uache kuyaita ridhaa.