Kifaransa ndani ya Kiingereza: mali ambayo mwanafunzi wa Kongo anavuka nayo mpaka

Mtoto aliyefika darasa la sita huko Rutshuru, kisha vita vikamfukuza hadi akavuka mpaka wa Bunagana na kuingia Uganda, mara nyingi hapelekwi darasa la saba. Anarudishwa la tatu, wakati mwingine la pili, na kukaa benchi moja na watoto aliowazidi kwa miaka mitatu au minne. Hesabu anazijua. Mito ya Afrika anaijua. Kinachomrudisha nyuma ni maneno ya Kiingereza.

Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, na vilevile Kyaka, Rwamwanja na Kyangwali, kuanzia darasa la nne lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mtihani wa kumaliza darasa la saba unaandikwa wote kwa lugha hiyo: hesabu, sayansi, maarifa ya jamii na Kiingereza chenyewe. Rwanda nayo iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa kama lugha ya kufundishia na kushika Kiingereza. Kwa hiyo familia ya Kivu ikikimbilia Uganda, Rwanda au Kenya, inakikuta Kiingereza mlangoni mwa shule.

Wazazi wengi husema mtoto anaanza na sifuri. Walimu wengine nao husema hivyo hivyo. Historia ya Kiingereza chenyewe inaonyesha jambo tofauti, na inafaa familia iliyohama ilijue kabla mtoto hajakata tamaa.

Kiingereza kilianza kama lugha ya watu waliovuka bahari katika karne ya tano, wakitoka pwani za nchi ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Waliitwa Angli na Saksoni. Maneno yao yalikuwa ya nyumbani na shambani: "water", "bread", "house", "child", "hand", "eat", "sleep". Baadaye wakaja Waviking kutoka kaskazini, nao wakaacha maneno yao, kama "take", "egg", "sky" na "they". Mpaka hapo Kifaransa kilikuwa bado hakijaingia.

Kiliingia kwa upanga. Tarehe 14 Oktoba 1066, jeshi la Guillaume, mtawala wa Normandie, lilishinda vita karibu na Hastings, kusini mwa Uingereza, na mfalme wa Waingereza akafa vitani. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo Guillaume akavishwa taji. Ardhi ya wakubwa wa zamani ikagawiwa wakubwa wapya, ngome zikajengwa, maaskofu wakabadilishwa. Kwa zaidi ya miaka 200 wenye nguvu walizungumza Kifaransa, na mkulima akabaki na Kiingereza chake.

Mtu aliyekuwa na kesi ya shamba alisimama mbele ya waamuzi waliobishana kwa lugha asiyoisikia. Jambo hilo si geni kwa mkaaji wa Kongo, ambaye naye huona maneno yake ya Kiswahili yakiandikwa kwa Kifaransa kwenye karatasi za mahakama, kisha anaombwa kutia sahihi. Huko Uingereza malalamiko yalichukua muda mrefu kusikilizwa. Mwaka 1362 ndipo ilipotoka sheria iliyoamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakielewi Kifaransa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Wakati huo maelfu ya maneno yalikuwa yamekwisha hamia. Ya mahakama: "judge", "prison", "justice". Ya jeshi na utawala: "army", "peace", "government". Na mengine ya kila siku: "village", "table", "fruit", "river", "colour". Mwanafunzi wa Kongo akiyaandika kando ya "juge", "prison", "armée", "paix", "village" na "rivière", anaona ni ndugu wa baba mmoja. Hupendwa kusimuliwa kwamba ng'ombe akiwa hai ni "cow" kwa kuwa mkulima wa Kiingereza ndiye aliyemchunga, na akiwa sahanini ni "beef" kwa kuwa bwana wa Kifaransa ndiye aliyemla. Hadithi hiyo imepambwa kidogo, maana tofauti hiyo ilichukua karne nyingi kukaa sawasawa, lakini inasaidia kukumbuka.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa Kiingereza katika nchi jirani hawawezi kulitegemea kwa wanafunzi wao wengine, kwa sababu linamfaa tu mtoto aliyepitia Kifaransa. Kiingereza kilichukua maneno wakati Wafaransa walikuwa bado wanaandika herufi "s" ndani yake. Baadaye Wafaransa wakaacha kuitamka, na mwaka 1740 kamusi ya Akademia ya Paris ikaiondoa katika maneno mengi na kuweka ile kofia juu ya irabu. Kwa hiyo kofia ya Kifaransa ni kama kaburi la "s". Mwanafunzi akiifukua, Kiingereza kinatokea: "forêt" inakuwa "forest", "hôpital" inakuwa "hospital", "bête" ni "beast", "maître" ni "master", "côte" ni "coast", "honnête" ni "honest", "intérêt" ni "interest".

Pale ambapo neno la Kifaransa linaanza na "é", mara nyingi "s" imejificha papo hapo. "Étudiant" ni "student", "étranger" ni "stranger", "épice" ni "spice". "École" na "school" zinafuata njia hiyo pia, ingawa Waingereza walilipata la kwao kutoka Kilatini mapema zaidi. Na "état" ni "state". Wazee wa Kivu ambao hawakusoma Kifaransa hata siku moja husema "leta" wakimaanisha serikali: leta inataka kodi, leta haijalipa walimu. Neno hilo ni "l'État", yaani babu yake ni yule yule wa "state". Vilevile anayesema lopitali ameshika nusu ya "hospital". Mama anayeuza mboga sokoni anatembea na historia hiyo mdomoni bila kuambiwa.

Kwa upande mwingine, Wanormandi wa kaskazini walitamka "w" pale watu wa Paris walipotamka "g". Ndiyo maana Guillaume kwa Waingereza ni William, na "guerre" ni "war". Neno hilo la mwisho watoto wa Rutshuru hawahitaji kufafanuliwa maana yake.

Ndugu hao wana mitego. "Library" ni mahali pa kuazima vitabu, na "librairie" ni duka la kuviuza. "Attendre" ni kungojea, lakini "attend" ni kuhudhuria. "Rester" ni kubaki, "rest" ni kupumzika. Ulio hatari zaidi kwa mkimbizi ni "demander". Kwa Kifaransa ni kuomba au kuuliza, kwa adabu kabisa. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa ukali. Mtu aliyepanga mstari tangu alfajiri, akamwambia mfanyakazi wa shirika kwamba ana-"demand" blanketi, anaweza kuonekana mkorofi wakati yeye alikuwa anaomba kwa heshima. Mitego hiyo inahesabika, na mwanafunzi anaweza kuimaliza katika kurasa mbili za kaye yake. Haifai kuwa sababu ya mwalimu kumkataza mtoto kutumia Kifaransa chake.

Sasa, kama utajiri ni mkubwa hivyo, kwa nini mtoto bado anarudishwa la tatu?

Mwaka 1973 watafiti wawili, Thomas Finkenstaedt na Dieter Wolff, walichapa hesabu ya asili ya maneno kama 80,000 ya kamusi ya Oxford. Zaidi ya nusu yalitoka Kifaransa na Kilatini. Lakini kamusi si mazungumzo. Ukichukua maneno 100 yanayotumika mara nyingi kuliko yote, karibu yote ni yale ya zamani ya Angli, Saksoni na Waviking. Kifaransa kiliwapa Waingereza maneno marefu, na maneno mafupi wakabaki na ya kwao.

Matokeo yake yanaonekana siku ya kwanza kambini. Kijana aliyemaliza sekondari Goma anasoma kibao kilichoandikwa "distribution", "registration", "documents", "nutrition", na anaelewa chote. Kisha mwalimu wa mdogo wake anamwambia: "Come back tomorrow and bring your mother with you." Hapo anasimama kama mti. Maneno tisa, na hakuna hata moja ambalo Kifaransa kinaweza kumsaidia. Mtoto wa darasa la pili wa Uganda anayaelewa yote. Basi watu huamua kwamba kijana huyu hajui kitu, wakati ukweli ni kwamba amejenga paa kabla ya kuta.

Kuta hizo zilimsumbua mtu mmoja miaka 100 iliyopita, mbali na hapa. Michael West alikuwa Mwingereza katika idara ya elimu ya India, akifanya kazi Dacca, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Aliona watoto wa Bengali wakisoma Kiingereza kwa miaka na kutoka mikono mitupu. Akachunguza vitabu vyao. Vilijaa maneno ya zamani na ya mashairi ambayo mtu angeweza kuishi London bila kuyahitaji, na kila ukurasa ulimwaga maneno mapya kabla yale ya jana hayajakaa. Akaandika vitabu vingine, akiweka kwanza maneno yanayotumika sana, kisha akaleta neno jipya polepole na kulirudia ukurasa baada ya ukurasa ndani ya hadithi.

Kilichomtofautisha West na wengine ni swali alilouliza katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu Bengali. Watoto wengi huacha shule mapema. Mtoto akitoka baada ya mwaka mmoja au miwili, anabaki na nini? Alitumia mfano wa mtu anayevunja mkataba wa bima kabla ya muda, akitaka kujua atarudishiwa kiasi gani. Huku Kivu mtu angefikiria likelemba: umechanga miezi minne, vita vimekuja, unakimbia kabla ya zamu yako. Masomo mengi ya lugha, alisema West, hayarudishi chochote kwa anayetoka katikati. Jibu lake lilikuwa kusoma. Mtoto anayeweza kusoma hadithi nyepesi peke yake ana kitu ambacho hata shule ikifungwa kitaendelea kukua.

Swali hilo halijazeeka. Mtoto wa Masisi anaweza kubadilisha shule mara tatu katika miaka miwili, na kila mara kitabu ni kingine.

West na wenzake waliendelea kuhesabu. Mmarekani Edward Thorndike alikuwa amekwisha toa orodha ya maneno 10,000 mwaka 1921. Mwingereza C. K. Ogden alijaribu mwaka 1930 kuibana lugha nzima katika maneno 850, jambo lililowavutia wengi na kuwachosha watoto, kwa sababu mambo yaliyosemwa kwa neno moja yalihitaji kuzungushwa kwa matatu. Orodha ya West ya mwaka 1953, yenye maneno kama 2,000, ndiyo iliyodumu. Katika ukurasa wa kawaida wa Kiingereza, maneno hayo hubeba takriban 80 kati ya kila 100.

Hayo 20 yanayobaki ndiyo humfunga mwanafunzi wa Uganda au Kenya anapofika sayansi na maarifa ya jamii: "population", "agriculture", "evaporation", "colonisation". Ni maneno ya Kifaransa na Kilatini. Hapo mtoto wa Kongo, yule aliyerudishwa nyuma, anatembea barabara aliyoizoea. Anahitaji kufundishwa matamshi tu, kwa sababu "nation" na "question" zinaandikwa sawa lakini hazisikiki sawa.

West naye alikosolewa kwa haki. Njia yake iliwapa wanafunzi macho kuliko mdomo, na mkimbizi anahitaji mdomo siku ya kwanza, dukani na kwa daktari. Orodha yake pia ni ya zamani, haijui simu ya mkononi. Na orodha ya maneno, hata ikiwa nzuri, ikibandikwa ukutani na kuimbwa na darasa zima, haifundishi mtu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba jambo lililokaririwa leo sehemu yake kubwa hupotea kesho, na kwamba kulirudia kwa kuacha nafasi ya siku kadhaa hulishika kuliko kulipigia kelele usiku mmoja. Kwa hiyo maneno kumi yaliyoandikwa kwenye kaye, kila moja ndani ya sentensi fupi, yakasomwa tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, yanafaa kuliko hamsini ya kunakili kutoka tablo. Na kitabu kimoja chepesi kilichosomwa mara nne, hata kama kurasa zake zimechakaa, kinarudisha maneno yale yale mafupi ambayo mtoto anayakosa.

Kazi hiyo haihitaji mzazi anayejua Kiingereza. Mama aliyefika darasa la nne la sekondari huko Goma, akiletewa barua ya shule, anaweza kuitambua "obligation", "absence" na "responsible" bila kufundishwa na mtu. Mtoto, aliyekuwa akicheza mpira na wenzake tangu mchana, ndiye atakayemwambia maana ya "both", "until" na "without". Wakikaa na barua ile usiku, kila mmoja akitoa maneno yake, barua inasomeka.