Watu Wasio na Hati: Mokowe na Karne Moja na Nusu ya Kudai Haki

Basi linalotoka Mombasa linaishia Mokowe. Abiria huteremsha mizigo, wakashuka gatini kutafuta boti ya kuvuka kwenda Amu, mji wa kisiwa cha Lamu. Wageni wengi hupita hapa bila kutazama nyuma, na waandishi wa historia wamefanya vivyo hivyo: wamevuka haraka kwenda kwenye nyumba za mawe, milango ya nakshi na misikiti ya kale, wakaiacha bara kana kwamba haina la kusimulia. Lakini magomvi makubwa ya Lamu, ya nani mwenye shamba, nani mtumwa na nani ana haki ya kuvua, yameanzia huku bara mara nyingi kuliko kisiwani. Anayetaka kujua watu wa kawaida wa Lamu walivyopigania haki zao, na aanzie Mokowe.

Katika karne ya 19 waungwana wa Amu walilima bara. Mashamba yao ya mtama na ufuta yalikuwa sehemu kama Mokowe, Hindi na Mkunumbi, na waliotoa jasho ni watumwa. Hao hawakuacha barua wala shajara. Waliacha kitendo: walitoroka. Miaka ya 1860 Ahmed Fumo Luti, aliyejulikana kwa jina la Simba, Mnabahani wa ukoo uliotawala Pate, alikimbia nguvu za Sultani wa Unguja akaweka makao Witu, ndani ya msitu. Watoro wakamfuata. Wakafyeka, wakalima, wakashika silaha kulinda walichokilima. Witu haikuwa pepo. Watu wake waliteka na kuuza binadamu wenzao, na si haki kuyaficha hayo. Hata hivyo, kwa mtumwa wa shamba la Mokowe, kujua kwamba upo mji wa kukimbilia, safari ya miguu tu, kulibadilisha mizani. Bwana alilazimika kufikiri mara mbili kabla ya kuinua kiboko. Mwaka 1890 Waingereza waliushambulia na kuuchoma mji huo baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa, na habari za watoro zikamezwa na habari za madola.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Sheria hiyo haikumpa aliyekuwa mtumwa ardhi, wala haikumpa heshima. Heshima alianza kuipata kwa njia nyingine, kwa Habib Swaleh bin Alawi Jamalullayl, sharifu aliyetoka Ngazija akafanya makao Lamu. Aliwafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji waliona hawastahili elimu: watumwa, wazao wao, na maskini wahamiaji wa upande wa Langoni. Akawapigisha matari katika Maulidi, jambo lililowaudhi wazee wengi. Msikiti wa Riyadha na chuo chake vilikua kutokana na watu hao. Leo maelfu ya wageni wanaopitia Mokowe kila Mfunguo Sita kwenda Maulidi wanakwenda kwenye sherehe iliyoanza kama mlango kwa wale waliofungiwa milango. Siku hizi tunaisifu kwa uzuri wake tu, na tunasahau kwamba ilikuwa pia madai ya haki.

Ardhi ni habari ngumu zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wathibitishe madai yao mbele ya maofisa wa koloni. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Mkulima aliyefyeka, akalima miaka miwili mitatu, akaiacha ipumzike, akahamia kipande kingine, atathibitisha nini? Mwembe aliopanda babu yake? Kaburi? Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ardhi ya Taji ikawa ardhi ya serikali, na mkulima akabaki alivyokuwa: hana hati. Vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, vikawasukuma Wabajuni wa vijiji vya bara upande wa kaskazini hadi visiwani, na mashamba yao yakarudi kuwa mwitu. Wengi hawakuweza kurejea. Miaka ya 1970 serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, ikawaleta watu wasio na ardhi kutoka bara ya mbali na kuwapa vipande vilivyopimwa. Wageni hao hawakuwa na kosa. Nao walikuwa maskini. Kosa ni la serikali iliyompa mmoja hati mbele ya macho ya mwingine aliyeambiwa asubiri.

Kidonda hicho kilipasuliwa kwa unyama Juni 2014, washambuliaji walipoua zaidi ya watu 60 Mpeketoni na vijiji vya jirani. Wiki chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22. Yaani wakati wakulima wa Mokowe na Hindi wakiitwa maskwota, makampuni yalikuwa yamekwisha kuandikiwa sehemu kubwa ya kaunti. Wavuvi nao walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, wakapoteza riziki kwa kosa wasilolitenda.

Kabla ya hapo, tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua mradi wa LAPSSET: bandari ya gati 32, reli, barabara na bomba la mafuta. Bandari iliwekwa Kililana, jirani na Mokowe. Wenye mashamba walisikia habari za mradi kama wanavyosikia wasafiri habari za mvua. Ila mara hii walikuwa na chombo ambacho babu zao hawakukipata. Katiba ya mwaka 2010 ilimpa kila mtu haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari, na haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira hata kama yeye mwenyewe hajadhurika bado.

Vikundi vya wavuvi, wakulima, wanawake, vijana na walinzi wa urithi vikaungana chini ya mwavuli wa Save Lamu. Kazi yao haikuwa ya kupiga kelele peke yake. Walikwenda kijiji kwa kijiji, wakaandika jinsi kila jamii inavyotumia bahari, mikoko na msitu, wakisaidiwa na shirika la Natural Justice. Nasita hapa makusudi, kwa kuwa naona hii ndiyo hatua kubwa kuliko maandamano yote. Watu ambao kwa miaka mia walishindwa kwa kukosa karatasi waliamua kuandika karatasi yao wenyewe.

Mohamed Ali Baadi na wenzake walifungua kesi mwaka huo huo 2012. Ilichukua miaka sita. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za watu wa Lamu za mazingira, utamaduni, kupata habari na kushirikishwa zilivunjwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mahakama ilikubali kwamba kuvua kwa desturi ni haki, hata pale pasipo na hati ya bahari. Mamlaka ya Bandari ikakata rufaa, kisha yakaja mazungumzo, na fedha hazikutoka mwaka ule wala uliofuata. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Hukumu iliwahesabu wavuvi peke yao. Mama karanga anayenunua samaki asubuhi na kukaanga jioni, naye kapungukiwa.

Vita vya pili vilikuwa vya makaa ya mawe. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga Kwasasi, eneo la Hindi, mtambo wa umeme wa megawati 1,050, wa kwanza wa makaa nchini Kenya, yapata kilomita 20 kutoka mji wa Amu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Halmashauri ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Si wote walioupinga mradi. Wapo wakulima waliotumaini fidia na vijana waliotumaini kazi, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi katika kaunti yenye ajira chache. Save Lamu na wenzao watano walikata rufaa mbele ya Mahakama Maalumu ya Mazingira. Desemba 2018 Human Rights Watch na muungano wa watetezi wa haki nchini walichapisha ripoti juu ya wanaharakati wa Lamu wasiopungua 35 waliotishwa, kupigwa au kukamatwa. Hawakunyamaza. Kijana wao Omar Elmawi, mwanasheria, aliratibu kampeni ya deCOALonize iliyoipeleka habari ya Kwasasi hadi Nairobi na ng'ambo.

Tarehe 26 Juni 2019 leseni ilifutwa. Sababu kuu ni nyepesi kueleza: mikutano na wananchi ilifanywa kabla ya uchunguzi wa athari kukamilika, na matokeo yalipopatikana hakuna aliyerudi kuwaeleza kwa namna wanayoielewa. Utamuulizaje mtu maoni yake juu ya jambo ambalo hujamwambia ni lipi? Novemba 2020 benki ya ICBC ya China, iliyotarajiwa kutoa mkopo, ilijitoa. Kampuni iliendelea na rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupilia mbali.

Kwa hukumu yangu, ushindi wa Kwasasi ni urithi wa Lamu kama zilivyo nyumba za mawe, na uko hatarini zaidi. Kumbukumbu za mikutano, orodha za wavuvi, mabango, fomu za pingamizi na kanda za sauti za wazee zimo majumbani, kwenye mabegi na simu za watu. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ngome mjini Amu, iliyokuwa gereza hadi miaka ya 1980. Serikali ya kaunti ina ofisi zake hapa Mokowe. Wakae pamoja na wenye kumbukumbu hizo, wazikusanye na kuzihifadhi kwa ridhaa yao, kwa Kiswahili zilivyoandikwa, wazee waliozitia sahihi wakiwa bado hai. Na ofisi za ardhi ziwape wakulima wa Mokowe, Hindi na Kililana hati wanazostahili.